Paili Mbili za Lami

Nyinyi mliobaki pale maabara ya udongo, najua siku ya kwanza kazini mlisimuliwa habari za Paili Fupi. Kabla mgeni hajaonyeshwa hata choo kiko wapi, kuna mtu humwambia: chunga sana kumbukumbu zako, usije ukawa kama yule nyapara aliyefupisha nguzo za msingi kule Sori, akajaza uongo kitabuni, jengo likazama. Watu hucheka, na mgeni naye hucheka ili asionekane mjinga. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu nachekecha mchanga, na mimi nikicheka. Sasa nimestaafu, nina wiki tatu nyumbani, na kicheko kile kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jina lake lilikuwa Okeyo. Ndiye aliyenifundisha kazi, na kila nilichowafundisha nyinyi kilitoka kwake. Naandika haya myasome wote, tena kwa sauti, na yule anayependa sana kuisimulia ile hadithi asome yeye. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vimo kwenye faili na havimsaidii mtu.

Nilifika Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Kikuria mwenye cheti kipya, tai shingoni na viatu nilivyovipiga rangi mpaka nikajiona ndani. Maabara yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya yadi: tanuri moja, mizani, chekeche za chuma, na mashine ya kubana udongo ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Nilitarajia kukabidhiwa kiti na meza. Nikakabidhiwa Okeyo.

Alikuwa nyapara wa mtambo wa kupigilia nguzo, mtu mfupi mwenye kifua kipana, na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati. Hakuniuliza habari. Alitazama viatu vyangu, akaniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo.

"Omera, hizi viatu umeletea nani?"

"Ni vya kazi, jaduong'," nikamjibu. Hilo ndilo neno pekee la heshima la Kijaluo nililokuwa nalijua.

"Haya basi. Twende kazi."

Akanipeleka ufuoni, kwenye mafunjo, akaniambia nitembee hatua kumi. Hatua ya nne nikazama hadi gotini. Kadiri nilivyovuta ndivyo tope lilivyozidi kunishika. Mwishowe mguu ulitoka, kiatu kikabaki.

"Wacha hiyo," Okeyo akasema. "Hiyo ni karo ya shule."

Kiatu kile bado kiko Homa Bay. Nilirudi yadi na kimoja, na vibarua wakaniita Mguu Mmoja kwa mwaka mzima.

Somo la pili alinipa wiki hiyo hiyo. Alichomeka mpini wa jembe ndani ya tope mpaka ukasimama wenyewe, akachora alama ya chaki mahali mpini ulipolingana na ubao aliouegemeza kwenye mti. Kisha akapanga mawe pande zote, mbali kidogo na mpini, hakuna hata jiwe moja lililougusa. Tukaendelea na kazi nyingine. Baada ya wiki kadhaa akaniita tena pale. Alama ya chaki ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili.

"Nani amesukuma hii mpini?" akauliza.

"Mawe."

"Mawe imegusa mpini?"

"Hapana."

"Sasa?"

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba udongo hushika nguzo na kuisaidia kubeba. Basi. Nani alikuwa amefikiria udongo unaweza kubadilisha upande?

"Mawe imesukuma tope," Okeyo akasema, "na tope ikienda chini haiendi peke yake. Inashika kila kitu iko karibu, inaenda nayo. Andika hiyo kwa kichwa. Kwa karatasi utapoteza."

Ndio huo mvuto wa tope ambao leo mnauhesabu kwa kompyuta kwa dakika mbili. Mimi niliuona kwanza kwenye mpini wa jembe.

Njia zake za kazi zilikuwa zake mwenyewe. Hizo nguzo ndefu za zege zinazopigiliwa ardhini tuliziita paili, na kila paili aliipiga alama za chaki futi kwa futi. Nyundo ya mtambo ikianza kuanguka, alihesabu mapigo kwa sauti, kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, mpaka kumi. Kumi ikitimia alitoa kizibo cha soda mfuko wa kushoto akakihamishia mfuko wa kulia. Futi ikiisha alihesabu vizibo, akaandika kitabuni kwa ile penseli, akavirudisha. Niliwahi kusimama pembeni na saa na daftari nimfumanie akikosea. Nilikosea mimi. Mtu huyo ndiye mnayesema alijaza uongo kitabuni!

Kwake nilijifunza kutumia fimbo ya mabawa, ile ya chuma yenye mabawa manne kwenye ncha. Unaichomeka ndani ya tope, unaizungusha kwa mpini taratibu mpaka tope likatike, na saa yake inakusomea tope linashika kwa nguvu gani. Vijana wengi huizungusha kwa pupa kama wanasaga nyama. Okeyo alikuwa akinigonga vidole. "Polepole, Marwa. Tope ni mzee, usimharakishe." Nilijifunza pia kufunga sampuli kwa nta na kuzipakata mapajani ndani ya Landrova kutoka Nyatike hadi Homa Bay, kwa sababu udongo ukitikiswa njiani unasahau ulivyokuwa. Nimezipakata sampuli kuliko nilivyowapakata watoto wangu, na mama yao hajaacha kunikumbusha.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipokuja kazi ya Sori, huko Nyatike. Lilitakiwa jengo la kupokelea samaki lenye chumba cha baridi, pale karibu kabisa na maji. Kiwanja kilikuwa chini, na kila masika ziwa lilikiingia, kwa hiyo mchoro uliagiza kimwagwe kifusi pande zote kufikia kiuno cha mtu mzima, halafu jengo lisimame juu ya paili. Nilitoboa mashimo matano kwa keekee ya mkono. Chini kulikuwa na tope jeusi linalonuka kama sufuria iliyosahauliwa, mita nane, na kwenye kona ya ziwani lilizidi kidogo. Ndipo ukaja udongo mgumu.

Sampuli zikakaa kwenye mashine ya kubana wiki mbili. Jibu likawa wazi: kifusi kikimwagwa, tope lingeshuka zaidi ya kiganja kwa muda wa miaka kadhaa. Nikafanya hesabu ambayo Okeyo alinifundisha nusu na kitabu kikanifundisha nusu. Chukueni mzunguko wa paili, zidisheni kwa kina cha tope linaloshuka, zidisheni tena kwa nguvu ya kushika iliyosomwa kwenye fimbo ya mabawa. Paili zetu zilikuwa za mraba, sentimita thelathini kila upande. Nilipata zaidi ya tani kumi na nne kwa kila paili, zote zikivuta chini. Jengo lenyewe liliweka tani ishirini juu ya kila paili. Kwa hiyo palikuwa na karibu jengo la pili, lisiloonekana, limening'inia kwenye paili zile zile ndani ya ardhi. Tena mchoro ulikuwa umelihesabu tope hilo hilo kama msaidizi wa kubeba.

Nikaandika yote kwenye ukurasa wa kumi na mbili wa ripoti, nikaipeleka Suna kwa mhandisi wetu mkuu. Jina lake sitalitaja. Ameshakufa, na watoto wake hawana kosa.

"Marwa, hii ni nini?" akauliza, kidole kikiwa juu ya tani kumi na nne.

"Ni mvuto wa tope, Bwana Mhandisi."

"Udongo unashika nguzo ndiyo nguzo ibebe. Wewe sasa unaniambia udongo huo huo unaivuta. Chagua moja."

"Kabla ya kifusi unabeba. Baada ya kifusi unavuta."

Akacheka, tena kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho cha mtoto. "Mchoro umeshapitishwa Nairobi, mgeni wa heshima ameshapewa tarehe ya kufungua. Nikawaambie nini? Fundi wa maabara ya Homa Bay ameota?" Akachomoa pini, akautoa ukurasa ule, akanirudishia. "Ripoti ni kurasa kumi na moja. Hii peleka nyumbani, wafungie maandazi."

Niliuchukua. Sikubisha. Ningebisha vipi, na mimi kazini bado sijathibitishwa?

Okeyo nilimkuta Sori akipaka mtambo grisi. Nilimweleza, akasonya.

"Hiyo si maneno ya kulia. Tupake paili lami. Ile sehemu inapita kwa tope tu. Tope ikishuka itashika lami, na lami itateleza. Paili itabaki."

Dawa hiyo ilikuwa inajulikana, hata kitabu changu kiliitaja. Okeyo akaenda mwenyewe Suna kuomba mapipa ya lami. Akajibiwa kwamba lami haimo kwenye mchoro. Alirudi akikanyaga ardhi kwa hasira, akaniambia kuna pipa moja watu wa barabara waliliacha kwenye yadi, limekaa mpaka limeota nyasi.

Jumamosi mchana, vibarua walipokwenda nyumbani, tuliwasha kuni chini ya lile pipa. Jua la Nyatike juu, moto chini, na sisi wawili katikati na brashi za katani. Tulipaka paili ya kwanza, tukapaka ya pili, mita nane na ziada, tabaka nene. Tone moja liliniangukia kwenye kifundo cha mkono na alama yake ninayo mpaka leo. Ya tatu hatukuifikia. Pipa lilikwisha.

"Mbili," Okeyo akasema. "Mbili kwa ishirini. Haya, hizi zitaenda kona ya ziwa, huko tope ni nyingi zaidi."

Kisha akatoa kile kitabu cha mapigo, akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaniangalia.

"Niandike?"

Nataka mjue vizuri nilichojibu, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kiliharibikia. Nilisema, "Usiandike, jaduong'. Wakijua tumetumia lami bila ruhusa watatufukuza sisi wawili."

Akafikiri. "Kitabu yangu huwa inaandika kila kitu."

"Hii moja tu, mzee wangu."

Akafunga kitabu. Jumatatu zile paili mbili zikapigiliwa. Vibarua walipouliza huo weusi ni nini, akawaambia ni dawa ya mchwa. Zege na mchwa! Walicheka mpaka nyundo ikasimamishwa.

Kifusi kikaja, lori baada ya lori. Mgeni wa heshima naye akaja, akakata utepe, akasema maneno mengi kuhusu maendeleo. Mhandisi mkuu alinishika bega akaniambia, "Unaona, Marwa? Limesimama." Nilisema nimeona.

Likasimama miaka miwili. Halafu ukafika ule mwaka wa mvua kubwa, tisini na saba kwenda tisini na nane, wakati madaraja yalipokuwa yakisombwa na kila mtu akilaumu maji kwa kila kitu. Mlango wa chumba cha baridi ukaanza kugoma kufungika. Wakaita fundi seremala akapiga randa. Ukagoma tena, akapiga randa tena. Mara ya tatu aliwaambia mlango hauna kosa, fremu ndiyo inakwenda zake. Ukuta ukapasuka kutoka juu ya dirisha hadi sakafuni, ufa wa kuingiza kidole. Nilitumwa kupima. Nilimkuta mama mmoja mchuuzi wa samaki ameketi kwenye karai lake akiliangalia lile jengo.

"Daktari wa udongo," akaniambia, "nyumba yenu inapiga magoti."

Ilikuwa kweli. Kona tatu zilikuwa zimekwenda chini, moja karibu kiganja kizima. Kona ya ziwani, penye tope jingi kuliko kwingine kote, ilikuwa imesimama vile vile tulivyoiacha. Niliirudia na pima maji mara tatu. Okeyo alikuwa nyuma yangu, mikono mfukoni, vizibo vyake vikilia.

"Unaona, omera?" akasema polepole. "Mbili zimekataa."

Alikuwa na furaha, masikini. Alidhani sasa watatusikiliza, na siku hiyo hiyo akamweleza mhandisi mkuu habari ya lami.

Tume ikaletwa, watu watatu kutoka Nairobi, wakakaa Suna kwenye ukumbi wa ofisi. Kesho yake nilikuwa niitwe. Jioni ya kuamkia siku hiyo mhandisi mkuu aliniita, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, hiyo ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi wa serikali, mtu anaamka na kazi analala bila kazi.

"Mimi sikuambii useme nini," akasema. "Nakuambia tu orodha ya wanaopunguzwa inapitia mezani kwangu. Na mtu aliyepaka paili kitu ambacho hakiko kwenye mchoro ni mtu aliyeharibu kazi ya serikali. Mke wako hajambo?"

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mhandisi alijua hilo vizuri sana.

Okeyo aliitwa kwanza, mimi nikiwa nimeketi kwenye benchi la mashahidi mle mle ndani. Alivaa koti. Mwenyekiti wa tume alikuwa na kile kitabu cha mapigo mbele yake.

"Bwana Okeyo, kona moja imesimama, tatu zimezama. Tafsiri yake ni rahisi. Zile za kona moja ulizifikisha kina. Nyingine ulizikatiza ukaandika kina cha uongo."

"Hapana, bwana. Zote ni mita kumi na mbili. Hesabu iko hapo."

"Hesabu inaonyesha paili mbili za kona ya ziwa ziliingia kwa mapigo machache kuliko nyingine. Kwa nini?"

"Kwa sababu zilipakwa lami. Zikateleza."

Mwenyekiti akafungua mchoro, akafungua kitabu. "Lami haiko kwenye mchoro. Haiko kwenye kitabu chako pia, na wewe unasema kitabu chako kinaandika kila kitu."

"Hiyo moja sikuandika." Hakusema ni nani aliyemwambia asiandike. Mpaka leo sijui mtu mwingine ambaye angeacha kusema. "Lakini chimbeni pale kwa kona. Mita mbili tu, mtapita kifusi, mtaona lami kwa macho. Ama muulizeni Marwa. Tulipaka na yeye."

Wote wakageuka.

"Bwana Marwa, siku hiyo inayosemwa ya lami, wewe ulikuwepo?"

Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, kwenye joto lile, kuficha alama ya kifundo. Nikamwona mhandisi mkuu anachezea kalamu. Nikamwona Okeyo ananitikisia kichwa kidogo, kama anayemtia moyo mtu avuke mto.

"Sikuwepo," nikasema.

Mwenyekiti akauliza kama kuna haja ya kuchimba, na mwenzake akajibu hakuna, shahidi amekanusha. Hivyo tu. Vibarua hakuna aliyefikiria kuwaita, kwani kibarua anajua nini? Hakuna jogoo aliyewika. Ilikuwa saa nane mchana, na jogoo wa Suna walikuwa wamelala kivulini. Okeyo alinitazama kidogo, kisha akatoa kizibo mfuko wa kushoto, akakihamishia mfuko wa kulia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika lilikuwa la Okeyo. Alifukuzwa. Barua ilisema ameghushi kumbukumbu za kazi. Mwaka haujaisha, watoto wa sokoni Sori walikuwa wakimwita Paili Fupi akipita kununua samaki, na jina likasafiri hadi yadi ya Homa Bay, hadi Suna, hadi kwenu. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata.

Alikwenda Masara, kwa wachimbaji wa dhahabu, akawa anawawekea miti ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Nilimfuata huko mara moja tu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilimkuta ameketi juu ya gogo, kichwa kimejaa mvi, akaagiza chai kwa mama wa kibanda, akanionyesha mashimo yake moja baada ya jingine.

"Hapa nikisema shimo ni mbaya, wanatoka," akaniambia. "Hakuna mtu anauliza karatasi."

"Jaduong', ile siku ya Suna..."

"Kunywa chai, Marwa. Inapoa."

Nilijaribu tena. Akanihesabia miti aliyoitumia kwenye shimo la tatu. Nilirudi Homa Bay na maneno yangu yote. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa, nyumbani kwake Karungu. Kwenye mazishi, watu wa kazini walipopewa nafasi ya kuzungumza kama ilivyo desturi, walinisukuma mbele mimi. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa bidii. Kila marehemu ni mtu wa bidii.

Sasa njooni kwenye mwezi wangu wa mwisho kazini. Lile jengo la Sori lilikuwa limebaki gofu la popo, na ikaamuliwa libomolewe, pajengwe gati jipya. Mhandisi kijana, Moraa, mnamjua, alinichukua nikamsaidie kutambua udongo. Mashine ikazing'oa paili moja moja na kuzilaza kwenye nyasi. Nikazipima kwa utepe. Mita kumi na mbili. Mita kumi na mbili. Ya tano, ya tisa, ya kumi na nne, zote mita kumi na mbili. Kisha zikatoka mbili za kona ya ziwani, nyeusi, lami bado inang'aa penye tope lililobanduka, na alama za brashi zinaonekana.

"Mzee Marwa, njoo uone!" Moraa akaniita, amechangamka kabisa. "Hii ni lami ya kuzuia mvuto. Nani alifikiria hii zamani hizo?"

"Okeyo," nikasema.

"Okeyo yupi?" Akatafakari, uso ukakunjuka, akacheka. "Ngoja. Si yule Paili Fupi?"

Alisema hivyo amesimama katikati ya paili ishirini, utepe wa kupimia mkononi mwangu. Simlaumu. Alifundishwa na sisi. Nilimwonyesha namba, akazinakili vizuri, akaandika kwamba urefu unalingana na mchoro. Nani alisingiziwa, na nani alisema uongo, fomu ya kubomolea haina mahali pa kuandika hayo, na mimi sikumwongezea neno.

Nilivunja kipande cha zege chenye lami, ukubwa wa ngumi, nikakifunga kwenye gazeti pamoja na ule ukurasa wa kumi na mbili, nikaenda Karungu. Mama Akinyi, mjane wake, alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijafika langoni.

"Karibu, shemeji. Miaka mingapi?"

Sikuketi. Nikaogopa nikiketi nitaletewa chai. Nilifungua gazeti, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: pipa, Jumamosi ile, kitabu, Suna, neno langu moja. Nikamwambia kwamba paili zimetoka na zote ni sawa. Nikamwonyesha alama ya kifundo. Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Alikishika kile kipande, akakigeuza, akakwaruza lami kwa ukucha.

"Umeambia watu wa ofisi?"

"Bado, mama."

"Sasa umeniletea mimi ya nini?" Hakupaza sauti. "Hapa nyumbani tulijua. Akija kutoka kazini hiyo Jumamosi, mimi ndiye nilimsugua lami kwa mafuta taa. Akanihadithia vile Marwa aliungua mkono, tukacheka. Sisi hatukudanganywa hata siku moja." Akanirudishia kipande na karatasi yangu. "Peleka kwa wale hawajui."

Akarudi kwenye omena zake.

Basi nimeleta. Kipande kiko kwenye benchi langu la zamani karibu na mizani, na ukurasa wa kumi na mbili uko chini yake. Rudieni hesabu, mtaona haikukosea. Mgeni mwingine akiripoti kazini, mwonyesheni kwanza hivyo viwili, ndipo mmwonyeshe choo. Akiuliza nani shahidi, mwambieni ni Marwa, fundi wa maabara, aliyeulizwa Suna mbele ya tume. Jumamosi ile, Sori, paili zile zilipopakwa lami, nilikuwepo.